Alama za Nyundo Kwenye Ubapa

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua utaitikia hata kama uko peke yako huko kambini, maana mama alitulea hivyo: salamu kwanza, ugomvi baadaye. Kifua chako kinaendeleaje? Wifi ameniambia vumbi la mbao limekuanzishia kikohozi tena. Kunywa maji ya moto, usilale karibu na mlango. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini akipata mtu wa kusengenya naye linapona lenyewe. Watoto wako wanakuulizia. Yule wa mwisho ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akitaka sukari ananyoosha kidole tu kwa aibu ya kutamka.

Mimi mwenyewe mzima wa mwili. Moyoni nina hasira, na sitakuficha. Najua utaniambia hasira hasara. Hasara ilishapatikana, kaka. Hasira ndiyo iliyochelewa kufika.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga mara kumi na moja. Dereva wa lori lenu ananiambia ukiona namba yangu unailaza simu kifudifudi kama mtu anayefunika sufuria. Sawa. Hii huwezi kuilaza kifudifudi, nimeandika pande zote mbili. Nimemwagiza dereva akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka aone umeifungua.

Nianzie pale tulipoachana. Siku moja baada ya Kindi kuanguka, ulikuja karakana kwangu asubuhi na msumeno wa mnyororo umeuvika gunia. Uliuweka mezani, ukatazama kalenda ukutani wakati unaongea, hukunitazama mimi. Ukasema ubapa umepinda. Kweli, ule ulimi wa chuma ambao mnyororo huuzunguka ulikuwa umeenda upande kama mdomo wa mtu aliyepooza. Ukanieleza kwamba Kindi alikuwa juu ya ule mti uliolalia paa la zahanati, msumeno ukabanwa ndani ya tawi, naye badala ya kutulia akauvuta kwa pupa. Ukachomoka mnyororo ungali unazunguka, ukaikata kamba yake mwenyewe. Akaanguka juu ya bati, kutoka batini mpaka uani, na msumeno ukamfuata ukapiga saruji. Hapo ndipo ubapa ulipopinda, ulisema.

Nililia, unakumbuka. Kindi si mtu baki kwetu. Miaka sita amepanda miti chini ya usimamizi wako. Jina hilo ulimpa wewe mwenyewe, kwa sababu wenzake wakiwa bado wanafunga viatu yeye yuko juu anawauliza mnasubiri nini. Nikakuuliza hali yake. Ukasema nyonga imevunjika, mguu umevunjika, na mgongo bado wanauangalia. Halafu ukaongeza jambo ambalo lilinishangaza kwa jinsi ulivyolisema haraka: kwamba ni uzembe wake, kila mtu ameona, na tajiri ameshamfuta kwenye orodha ya wafanyakazi. Kisha ukaniambia nikunyooshee tu huo ubapa, Jumatatu mna kazi. Ukatoka. Hata chai hukunywa.

Nikaanza kazi. Unanijua, mimi chuma sikigusi kwa tupa kabla sijakitazama. Nilifungua kifuniko, nikatoa mnyororo, nikaulaza ubapa juu ya kile kipande cha kioo cha dirisha ambacho marehemu baba alikitumia kupimia. Nikainama nione mwanga unapita wapi. Na nilipoinama ndipo nikaziona. Alama za duara, pana kama ukucha wa dole gumba, zimepangana kutoka katikati ya ubapa mpaka ukingoni. Nilizihesabu tisa. Alama za nyundo.

Kwanza nilikasirika kikazi tu. Nikasema, huyu kaka yangu amejaribu kuunyoosha mwenyewe halafu ameona aibu kuniambia. Nikachukua kitambaa nipanguse. Utomvu haukutoka. Ulikuwa umekauka ndani ya vile vishimo vya nyundo, umeshikana na unga wa mbao, utomvu ule ule mwekundu uliokuwa kwenye mnyororo. Nikaugeuza ubapa upande wa ukingo. Ukingo mmoja ulikuwa umeungua rangi ya samawati, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Kaka, wewe ni mtu wa misumeno, sina haja ya kukufundisha, lakini nitakuandikia kama ninayemwandikia mtu asiyejua, ili usipate pa kutokea. Chuma hakipati rangi ile kwa kuanguka. Kinaipata pale mnyororo unapokisugua upande mmoja, kwa nguvu, muda mrefu, mashine ikiwa kazini. Na mnyororo hausugui upande mmoja isipokuwa ubapa umepinda. Na ile rangi ilipita juu ya alama za nyundo. Utomvu nao uliingia ndani ya alama za nyundo. Kwa hiyo nyundo ilitangulia, kukata mti kukafuata, na kuanguka kukaja mwisho. Ubapa ule ulikuwa umepinda kabla Kindi hajavaa mkanda wake wa kupandia.

Nilikaa juu ya pipa la mafuta. Mteja mmoja aliingia na panga lake la kunolewa, akanikuta nimekaa tu, akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Jumatatu nilikupigia, siku hizo ulikuwa bado unapokea, nikakuambia hauwezi kunyooshwa, njia ya mnyororo imeharibika, nimeweka mpya na ule wa zamani nimeutupa kwenye chuma chakavu. Ulikuja kuuchukua msumeno. Mtu ambaye miaka yote unadai urudishiwe hata skrubu iliyovunjika uione kwa macho yako, siku hiyo hukuomba kuona kitu. Ulisema neno moja tu: afadhali.

Nilitaka nijidanganye. Nikasema labda aliyepiga nyundo ni mtu mwingine. Labda wewe hukujua. Nilibaki na hiyo labda wiki mbili, naibembeleza kama mtoto mgonjwa, mpaka dereva alipokuja kunoa minyororo mitatu. Nilimfungia mlango wa karakana, nikamsimamia mbele, nikamuuliza ule msumeno ulianguka lini mara ya kwanza. Hakuuliza msumeno gani. Alivua kofia.

Alinieleza yote. Kwamba asubuhi ya siku ile, mkielekea zahanati, lango la nyuma la lori halikufungwa vizuri na msumeno ukaruka kwenye kona ukapiga ukingo wa barabara. Kwamba mlishuka, ukauona ubapa umepinda, ukampigia simu tajiri, naye akasema tumieni huo huo, mti ushuke leo. Kwamba uliulaza kwenye jiwe la ukingo ukaupiga kwa nyundo ya kabari, watu wakipita wanatazama. Dereva alikuambia, "Si tupitie kwa dada yako? Ni hapa tu." Nawe ukamjibu, "Leo sina masikio ya kumsikiliza."

Sina masikio ya kumsikiliza. Nimeirudia sentensi hiyo mpaka meno yananiuma.

Najua ilikotoka. Mwezi mmoja kabla ya hapo uliniletea mashine imekwama kwa sababu mlitia petroli tupu bila mafuta, nami nikakusema mbele ya wafanyakazi wako. Nilisema kukufundisha wewe mashine ni kumpigia mbuzi gitaa. Walicheka wote. Wewe hukucheka. Niliona, nikapuuza, nikaendelea kuchonga maneno kwa sababu nilikuwa nimepata wasikilizaji. Hilo ni langu, nalibeba. Kakaye mtu hasemwi hivyo mbele ya watu wanaomtegemea awaongoze.

Lakini kaka! Ubapa mpya, wa kipimo kile kile, ulikuwa umening'inia kwenye msumari ukutani kwangu. Dakika kumi na tano kutoka mlipokuwa. Ungeingia, ningekutukana, ungenijibu, ungeondoka nao. Matusi yangu yana makelele tu, hayajavunja mtu nyonga. Ulikwepa maneno ya dadako ukampandisha mtu mtini na chuma ulichokipiga nyundo barabarani. Na alipoanguka ukamwambia ni yeye. Hilo la kwanza naweza kuliita woga, au haraka, au kiburi, binadamu tumeumbwa navyo. Hilo la pili sijalipatia jina, na kila jina ninalolijaribu mama asingependa niliandike.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwona. Wamemtoa hospitali. Kitanda chake kimewekwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani haukukipitisha, na cherehani ya mkewe imehamia barazani, inapigwa na jua mpaka gurudumu lake halishikiki. Juu ya kitanda wamefunga kamba kwenye boriti ili ajivute akitaka kukaa. Fundo lile amelifunga yeye mwenyewe, akiwa amelala chali, huku mkewe amesimama kwenye kiti akimpitishia kamba boritini. Nilipoingia alikuwa ameshika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, macho amefumba, anaisogeza taratibu mbele na nyuma. Nilidhani ni mazoezi ya hospitali. Mkewe akanivuta kando akaninong'oneza kwamba anafanya hivyo kila siku. Anaurudia ule mkato. Anatafuta alipokosea.

Aliponiona alifurahi, kaka. Alifurahi! Alinikaribisha, akanitania kwamba sasa ndiye mtu pekee mtaani anayelipwa salamu bila kuinuka. Halafu uso ukambadilika, akaniambia nimfikishie kwako maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie kaka anisamehe. Nimemharibia mashine na nimemharibia jina. Nimefikiri sana, dada, sioni mkono wangu uliteleza wapi. Labda yeye aliona kutoka chini. Akipata nafasi aje anionyeshe."

Aje anionyeshe. Uti wa mgongo umechubuka, mguu una vyuma, na anachotaka kwako ni umfundishe kosa lake ili asilirudie.

Mkewe aliniwekea chai. Nilikishika kikombe, nikakirudisha mezani. Niliaga kwa haraka, nikajikwaa kwenye pedali ya cherehani nikitoka, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama mwehu. Watu walinipisha.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo limenifanya nivute karatasi. Mpaka hapa nimekuwa nakupiga fimbo wewe, na umestahili, lakini hujasikia langu.

Mkaguzi wa kazi alikuja karakana. Ni siku chache tu baada ya wewe kuchukua msumeno, kabla sijaongea na dereva. Mtu mpole, amevaa miwani iliyofungwa waya sikioni, ana faili jembamba. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyeshughulikia ule msumeno, na kama niliona chochote. Nilikuwa nimesimama, na ubapa uko chini ya meza yangu, umezungushiwa lile gunia lako. Mguu wangu uliugusa. Maana sikuutupa, kaka. Sikuwahi kuutupa. Nikamwambia ubapa ulipinda kwa kuanguka kutoka juu, alama nyingine sikuona, na chuma chenyewe nimeshakitupa. Aliandika, akanisomea, akanipa kalamu. Nikatia sahihi. Sahihi yangu nzuri, ile ya herufi ndefu ambayo baba alinifundisha kuiweka kwenye risiti.

Hakuna aliyenilazimisha. Wewe hukuniomba. Nilifanya kwa sababu wewe ni kaka yangu, nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite. Nilijua ninachofanya. Kwa hiyo Jumamosi ile, Kindi alipokuwa ananiomba nikufikishie ombi lake la msamaha, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni hakuwa dada wa mkosaji. Alikuwa mkosaji wa pili, na kikombe cha chai mkononi.

Jumapili sikulala mchana wala sikukaa na watu. Jumatatu nilifungua lile gunia, nikaubeba ubapa kwapani kama mkate, nikarudi kwa Kindi. Nilitaka asikie kwangu kabla ya kusikia ofisini. Niliuweka juu ya mapaja yake, nikamwonyesha alama, nikamweleza rangi, nikamweleza sahihi yangu. Alipitisha dole gumba kwenye vile vishimo, kimoja baada ya kingine, mpaka cha tisa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha kitambaa kimejaa pini. Kindi akauliza swali moja: "Alijua?" Nikasema ulijua.

Hakutukana. Afadhali angetukana. Aligeukia ukutani, akasema bila kunitazama, "Angeniambia tu. Ningeukataa, tungecheka, tungerudi nyumbani."

Mkewe yeye hakunyamaza, na yote aliyosema juu yako na juu yangu yalikuwa sahihi, sina hata moja la kupunguza. Alisema wiki tatu amekuwa akiamka na kumsikia mumewe akijiita mjinga, nasi wawili tulikuwa na dawa yake chini ya meza tumeifunika gunia. Nilisimama nikapokea mpaka mwisho.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mkaguzi. Nimemkabidhi ubapa. Nimemwambia nilidanganya na nimemwomba aandike upya. Alivua miwani, akaniambia kusema uongo kwenye taarifa ile ni kosa na huenda nikashitakiwa. Nikamwambia naelewa. Aliniuliza kwa nini nimerudi. Nikamwambia kwa sababu kuna mtu anafanya mazoezi na fimbo ya ufagio. Sidhani alielewa. Aliandika tu.

Basi ndiyo hivyo, imekwisha kutendeka. Sikukuomba ruhusa kwa sababu ningeiomba nisingekwenda. Alhamisi ya wiki ijayo saa tatu asubuhi shauri litasikilizwa, na dereva amekubali kusema aliyoyaona. Wito wako utafika kambini siku mbili tatu baada ya barua hii. Nimetaka usikie kwangu kwanza, kwa mwandiko wangu, usije ukasema dada yangu alinichoma kisu mgongoni. Nakuchoma kifuani, kaka, na nimebisha hodi.

Sikiliza na hili. Tajiri hakukupeleka huko kambini kwa sababu kuna miti mingi. Amekupeleka mbali ili asiwepo wa kuulizwa ile simu ilisema nini. Usidhani anakuficha wewe. Amejificha yeye nyuma yako, na siku mgongo wako ukichoka atatafuta mwingine. Neno lake la "tumieni huo huo" unalijua wewe peke yako na dereva aliyesikia nusu. Ukilinyamazia, mzigo wote utabaki kwako na kwa fundi wa mtaani aliyetia sahihi.

Njoo kabla ya Alhamisi. Usianzie ofisini, wala kwa tajiri, wala kwangu. Anzia kwa Kindi. Sijui atakupokeaje, mkewe huenda akakumwagia maji ya kufulia, na ukimwagiwa usijifute mbele yake. Mwambie kwa mdomo wako kwamba mkono wake haukuteleza popote. Hakuna daktari anayeweza kumpa dawa hiyo. Aliyenayo ni wewe, na mimi nimeshampa nusu, lakini kutoka kwangu haikuingia.

Usipokuja, nitasema mimi, yote, na jina lako nitalitaja kwa sauti inayosikika nyuma. Ukija, tutakaa benchi moja, kila mtu na kosa lake mapajani. Mama nimemweleza. Amekasirika mpaka goti limesahau kuuma, na amesema atakuja asikilize mwenyewe, kwa hiyo panga safari yako ukijua atakuwa amekaa mstari wa mbele.

Wifi anakusalimu, ananiuliza ninaandika nini kirefu hivi, nami nimemwambia atakisikia kwako. Watoto wanakusalimu. Wasalimie wote hapo kambini, hasa wale wanaopanda. Na kabla hujapakia begi, zunguka ukague kila ubapa ulio mikononi mwao, ulaze juu ya kitu kilichonyooka, uinamie utazame mwanga. Ukikuta uliopinda, uvunje vipande viwili hapo hapo, mbele yao, na uwaambie kwa nini.

Nakupenda, na bado nina hasira. Vyote viwili vina afya njema.

Mimi mdogo wako,
Fundi